Saa Isiitangulie Kumbukumbu



Kutoka Kismayo hadi Koyama, Chovai, Chula na Ras Kamboni, fundi wa leo huletewa kazi ambazo baba zetu hawakuzijua: vyombo vya GPS, simu, vidhibiti vya betri za umeme wa jua. Ndani yake mna mikrokontrola, yaani prosesa iliyounganishwa na kumbukumbu ya fleshi, ambayo hutunza programu hata umeme ukikatika. Kumbukumbu hiyo ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, na kutangazwa mwaka 1984.

Chombo kinaweza kufanya kazi vizuri karakanani, kisha kikaganda baharini. Sababu mojawapo ni saa kupangwa vibaya.

Prosesa hufuata mapigo ya saa, na huchota amri zake katika fleshi. Lakini fleshi ina mwendo wake. Haiendi mbio kwa kuwa saa imeharakishwa. Ni sawa na kupakua jahazi: aliye juu akivuta mikono kabla ya gunia kufika, hushika hewa. Prosesa nayo husoma amri ya uongo, na programu hupotea njia.

Dawa yake ni mapigo ya kungoja. Tuchukue mikrokontrola ya STM32F103. Saa ikiwa megahezi 24 au chini, haingoji. Ikizidi 24 hadi 48, hungoja pigo 1. Ikizidi 48 hadi 72, hungoja mapigo 2. Hesabu ni nyepesi: kwenye megahezi 24 pigo moja huchukua nanosekunde 42 hivi, kwenye 72 huchukua 14. Pigo la kusoma na mawili ya kungoja ni yale yale 42. Fleshi imepewa muda wake.

Utaratibu ni huu:

1. Unapoongeza kasi, weka kwanza mapigo ya kungoja, soma rejista kuhakikisha yamekubaliwa, ndipo uongeze saa.
2. Unapopunguza kasi, punguza saa kwanza, kisha mapigo ya kungoja.
3. Unapoandika au kufuta fleshi ya STM32F103, saa yake ya ndani ya megahezi 8 lazima iwe inafanya kazi.

Kila aina ina jedwali lake. Usilihamishe la moja kwenda nyingine. Katika STM32F4, volti zikipungua, mapigo ya kungoja huongezeka. Na asikudanganye mtu kwamba kifaa kilichopita majaribio kivulini kimepona: joto na betri iliyochoka hufichua mpango uliobana mno.

Kungoja kupita kiasi hupunguza tu kasi ya kazi. Kungoja pungufu huweza kuzima GPS ya nahodha usiku, miamba ikiwa mbele yake. Basi, ndugu, tufuate jedwali.