Sufjan Stevens: Raha na karaha ya kusubiri albamu

Ukitaka kujua subira ni kitu gani, mtafute shabiki wa Sufjan Stevens umwulize albamu mpya inatoka lini. Atacheka kwanza. Halafu atakupa habari ndefu yenye majimbo 50, barabara moja ya New York, nyimbo 100 za Krismasi na misiba mitatu, na akimaliza utagundua kwamba swali lako hajalijibu.

Kwa ambao hamumfahamu, Sufjan ni Mmarekani, mzaliwa wa Detroit, Michigan, mwaka 1975. Anaimba kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Anapiga gitaa kavu, banjo, piano na karibu chombo chochote utakachomwekea mbele. Muziki wake wenyewe wanauita indie folk, yaani nyimbo za gitaa kavu za wasanii wasiokuwa chini ya makampuni makubwa. Lebo yake, Asthmatic Kitty, aliianzisha mwaka 1999 pamoja na baba yake wa kambo, Lowell Brams. Mkumbukeni huyo mzee, tutarudi kwake.

Ahadi ya majimbo 50

Mwaka 2003 jamaa aliachia albamu iliyoitwa Michigan, ikizungumzia jimbo alikozaliwa, na akatangaza kwamba atafanya hivyo kwa majimbo yote 50 ya Marekani. Albamu moja, jimbo moja. Piga hesabu mwenyewe: hata angetoa moja kila mwaka bila kupumzika, angemaliza akikaribia miaka 80. Lakini mwaka 2005 ikaja Illinois, nyimbo 22 zenye tarumbeta, filimbi, kwaya na habari za watu wa jimbo hilo, wema na wauaji. We acha tu! Pitchfork wakaitaja kuwa albamu bora ya mwaka, na watu wakaamini kweli kwamba anaweza. Wakaanza kubishana ni jimbo gani linafuata.

Halikufuata jimbo lolote. Mwaka 2006 alitoa The Avalanche, nyimbo 21 zilizobaki wakati anatengeneza Illinois. Viporo, lakini viporo vitamu. Mwaka 2009 akaleta The BQE, muziki wa okestra kuhusu barabara kuu inayounganisha Brooklyn na Queens. Barabara, jamani! Na mwaka huohuo akakiri kwamba ule mpango wa majimbo 50 ulikuwa mzaha na mbinu ya kujitangaza tu.

Dada zangu mnaosoma kurasa hizi, hii mnaijua. Wiki ya pili tu kijana ameshakutajia idadi ya watoto na rangi ya geti, na mwaka wa sita bado mnakutana kwenye soda. Tofauti ni kwamba huyu wa kwetu alikuwa tayari ameshajenga nyumba mbili nzuri. Mimi simlaumu sana. Aliyesikiliza Illinois akadai bado anamdai msanii albamu 48, huyo ana lake jambo.

Baada ya hapo akawa hatabiriki kabisa. Agosti 2010 aliweka nyimbo mpya kwenye intaneti bila kumpa mtu taarifa, bei dola 5, chini ya jina All Delighted People. Oktoba ikafuata The Age of Adz, mashine na kelele tupu, na wimbo wa mwisho unakwenda dakika 25. Waliosubiri banjo wakaletewa kompyuta. Wengine waliingia mitini. Waliobaki walijifunza kwamba kwa mtu huyu huagizi, unapokea.

Mama aliyeondoka

Sasa tumrudie yule mzee. Mama yake Sufjan, Carrie, aliondoka nyumbani mtoto akiwa na mwaka mmoja. Alisumbuliwa na ugonjwa wa akili na ulevi. Baadaye akaolewa na Lowell, na katika ndoa hiyo iliyodumu takriban miaka mitano, watoto walikwenda kumtembelea mama yao Oregon wakati wa likizo za kiangazi. Ndoa ikavunjika. Mama akapotea tena. Baba wa kambo hakupotea. Aliendelea kuwa karibu na kijana yule ambaye hawakuchangia damu, akaja kuisimamia lebo yake kwa miaka mingi, na alipostaafu wakatoa albamu pamoja, Aporia, ya mwaka 2020. Ni wangapi kati yetu wanaweza kusema hivyo kuhusu baba wa damu?

Carrie alifariki Desemba 2012 kwa saratani ya tumbo. Machi 2015 ikatoka Carrie & Lowell, na ukiniuliza mimi, hakuna albamu ya karne hii inayogusa kama ile. Gitaa, sauti, kimya. Hakuna ngoma wala tarumbeta. Wakati ule Sufjan alisema wazi kwamba safari hii hakuwa anafanya mradi wa sanaa, hayo yalikuwa maisha yake. Picha ya jalada ni ya Carrie na Lowell wenyewe, picha ya kawaida ya familia, kama zile zilizobandikwa kwenye albamu ya mama yako kabatini.

Hapa ndipo kusubiri kunapoanza kuwa na utata. Baada ya 2015 kundi kubwa la mashabiki lilitaka nyingine kama ile. Walisema hivyo kila alipotoa kitu tofauti, na alitoa vingi. Lakini fikiria vizuri unachoomba. Albamu ile ilitokana na kifo cha mama. Kumtaka mtu arudie ni kama kukaa mlangoni kwake ukingoja alie tena, halafu umsifie kwamba analia vizuri.

Na vilio vilikuja bila kuombwa. Septemba 2020 alitoa The Ascension, na siku mbili baadaye baba yake mzazi akafariki. Msiba ule ukazaa Convocations, mwaka 2021, vipande 49 vya muziki visivyo na maneno. Wengi hawakuusikiliza hadi mwisho, tuseme ukweli. Lakini nadhani ndiyo kazi yake ya uaminifu kuliko zote: mtu amefiwa, hana la kusema, basi hasemi.

Mwaka 2023 ulikuwa mzito zaidi. Agosti ilitangazwa Javelin, na mashabiki wakashangilia kwamba gitaa limerudi. Septemba akaeleza kwamba ameugua ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia mishipa ya fahamu. Aliamka asubuhi miguu haimbebi, akawa anajifunza kutembea upya. Tarehe 6 Oktoba albamu ikatoka, na siku hiyohiyo akaandika kwamba ni ya Evans Richardson, mwenzi wake, aliyefariki Aprili. Kwa miaka 20 Sufjan hakuwa amezungumza hadharani kuhusu mapenzi yake na mwanaume mwenzake. Watu walikuwa wanabashiri tu kupitia mashairi. Waliokuwa wamehesabu siku kwa shangwe wakajikuta wamealikwa matangani.

Haukupita muda, swali likarudi: inayofuata lini?

Mwaka 2025 Carrie & Lowell ilitimiza miaka 10 na ikatolewa upya, pamoja na insha aliyoiandika mwenyewe. Wengi walitegemea aisifie. Badala yake alisema anaionea haya kidogo albamu ile, kwamba kuimba kuhusu mama yake hakukumsaidia kuuelewa ule msiba. Kauli ile iliwauma baadhi ya mashabiki, maana kuna watu walizika wazazi wao wakiwa na nyimbo zile masikioni. Mimi naona pande zote zina haki. Wimbo unaweza kumponya msikilizaji na usimsaidie kitu aliyeutunga, kama mpishi anayelisha ukumbi mzima halafu analala njaa.

Na zile nyimbo 100 za Krismasi? Kwa miaka kadhaa alikuwa anarekodi chache kila mwisho wa mwaka kama zawadi kwa ndugu na marafiki. Kasha la kwanza la 2006 lina nyimbo 42, la pili la 2012 lina 58. Nyingine zimepangwa vizuri, nyingine ni fujo za watu wanaocheka sebuleni. Hakuna aliyeziahidiwa.

Kama ndiyo unaanza leo, anza na Illinois siku una safari ndefu ya basi. Carrie & Lowell isikilize usiku, peke yako, simu umeizima. Javelin iache ya mwisho, ukishajua ilikuwa ya nani.