Zuio la Mahakama Katika Migogoro ya Viwanja: Nguvu Yake na Mwisho Wake

Mkazi ananunua kiwanja, analipa, anaandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi, kisha anasafiri. Akirejea anakuta msingi umechimbwa, tripu za mawe na mchanga zimeshushwa, na mwenye ujenzi anamwonesha karatasi ya mauziano yenye jina na sahihi yake yeye mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyeuza. Mfano huu haumhusu mtu yeyote mahususi. Hata hivyo, katika kata kama Bangwe, ambako viwanja vinavyotazama ziwa vinatafutwa kuliko vilivyopo, hauhitaji maelezo marefu.

Wengi hukimbilia polisi, na hawakosei, kwa kuwa kughushi ni jinai. Lakini jalada la polisi peke yake halimzuii fundi kumwaga zege. Wengine huenda kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Mtendaji wa Kata wakitaka ujenzi usimamishwe. Viongozi hao wanaweza kushuhudia, kusuluhisha na kuelekeza, ila hawana mamlaka ya kutoa amri ya zuio. Halmashauri nayo inaweza kusimamisha ujenzi usio na kibali, lakini hatua hiyo inahusu kibali tu. Haiamui kiwanja ni cha nani, na mjenzi akipata kibali kazi inaweza kuendelea.

Amri inayofunga mikono ya wote wawili ni zuio la muda la mahakama. Msingi wake ni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 37. Zuio halimpi mtu kiwanja. Kazi yake ni kukiacha kilivyo, kisijengwe, kisiuzwe wala kisivunjwe, hadi shauri lenyewe liamuliwe. Kwa sababu hiyo haliombwi likiwa peke yake: nyuma yake lazima kuwe na shauri la msingi kuhusu umiliki.

Mashauri ya kudai kiwanja chenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300 hufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Kabla ya kulifikia Baraza la Wilaya, mgogoro hupitia Baraza la Kata ambalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu na haliamui. Likishindwa hutoa cheti cha kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kuendelea bila cheti. Siku 30 ni nyingi mbele ya mafundi wenye haraka, kwa hiyo anayechelewa kufika Baraza la Kata anajichelewesha mwenyewe.

Maombi ya zuio huambatana na hati ya kiapo, na jambo likiwa la haraka mno huambatana pia na hati ya dharura. Kwa kawaida upande wa pili hupewa taarifa na kusikilizwa. Mahakama inaweza kutoa amri kwa kusikiliza upande mmoja pale tu ambapo kuchelewa kungeliondolea zuio maana yake.

Vigezo vya kupata zuio vimejengwa juu ya uamuzi wa kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, ambao mahakama za nchini zinaufuata hadi leo. Kwanza, pawepo hoja nzito ya kuamuliwa, na uwezekano wa mwombaji kushinda. Pili, bila zuio mwombaji apate hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha. Tatu, ipimwe nani ataumia zaidi: mwombaji zuio likinyimwa, au mjibu maombi likitolewa. Kigezo cha pili ndicho huangusha maombi mengi. Kuandika kwamba “nitapata hasara kubwa” hakutoshi. Kiapo kieleze hasara hiyo ni ipi: familia inaishi hapo, kuna makaburi ya wazazi, au nyumba iliyopo itabomolewa.

Neno “utapeli” nalo lina uzito wake. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Omari Yusufu dhidi ya Rahma Ahmed Abdulkadir iliyoripotiwa mwaka 1987, ilieleza kuwa tuhuma ya jinai ndani ya shauri la madai huhitaji uthibitisho wa kiwango cha juu kuliko madai ya kawaida. Anayedai sahihi yake imeghushiwa aoneshe ni waraka gani, wa tarehe gani, na alikuwa wapi siku hiyo. Stakabadhi za malipo, barua ya toleo, risiti za kodi ya ardhi na picha za ujenzi zenye tarehe husema zaidi ya manung’uniko.

Mwenye zuio asilale. Amri inaweza kuwekewa muda usiozidi miezi sita. Huongezwa kwa maombi, lakini jumla haiwezi kuzidi mwaka mmoja, tena mwombaji aoneshe kuwa amekuwa akilisukuma shauri lake. Wapo wanaolikunja zuio na kuliweka kabatini, muda ukaisha kimya, nondo zikarudi uwanjani kihalali. Likiwa hai, anayelikaidi anaweza kukamatiwa mali au kufungwa kifungo cha madai kisichozidi miezi sita. Aliyezuiwa naye ana haki ya kuomba amri ibadilishwe au iondolewe, na kudai fidia ikiwa iliombwa bila sababu za kutosha.

Hali hubadilika mlalamikiwa akiwa Halmashauri yenyewe, kwa mfano kiwanja kimoja kinapodaiwa kugawiwa watu wawili. Sheria inataka notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, na shauri husikilizwa Mahakama Kuu. Ndani ya siku hizo 90 mwananchi anaweza kuiomba Mahakama Kuu zuio la kusubiri notisi iishe. Mawakili huliita zuio la Mareva, jina lililotoka katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1975.

Kwa ardhi iliyosajiliwa ipo pia kaveti, inayowekwa kwa Msajili wa Hati ili muamala usiandikishwe bila mweka kaveti kujulishwa. Mke au mume anayehofia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake anaweza kuiweka pia, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kaveti huzuia kalamu ya Msajili. Ujenzi ukiwa umeanza, zuio la mahakama bado litahitajika.