Pombe ya Bibi Harusi

MATEMA, Jumamosi. Vyungu vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi kabla jua halijachoma. Vimetoka Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, ambako wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi. Nilimtazama mama mmoja akimalizia chungu chake. Hana gurudumu, anakizungusha kwa mkono wa kushoto, na kokoto iliyo mkono wa kulia inalainisha udongo mpaka ung'ae. Kisha akachovya kidole katika rangi nyekundu, akakizungushia shingoni mstari mmoja. Huku, msanii wa nyumba ni mke.

Pale ufukweni, vyungu vile vikanikumbusha mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyesoma Makerere na baadaye shule ya sanaa ya Slade, London. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo sasa iko katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mtu wa huku Kyela hahitaji kutafsiriwa picha hiyo: amekulia migombani, na anajua posa haiendi mikono mitupu.

Mwaka 1958 Ntiro mwenyewe alioa. Mkewe, Sarah Nyendwoha wa Hoima, Uganda, alikuwa amehitimu Oxford mwaka 1954. Alipokwenda kufundisha katika shule ya Gayaza akakuta walimu wa kike wanalipwa chini ya wenzao wa kiume, aliukataa mshahara ule, akafundisha bure. Baadaye aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, mumewe akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza.

Ndoa hii ni tamthilia tosha. Natamani iandikwe, ichezwe hapa Matema usiku, kwa mwanga wa karabai. Ombi langu kwa mtunzi ni moja: Sarah asifanywe mshika taa wa mumewe. Tumeona michezo mingi ya wasanii ambamo kazi ya mke ni kulia mlangoni.

Onyesho la kwanza liwe ile picha, hai: giza, migomba, wanaume na mitungi yao. La pili litupeleke kwa bibi harusi, ameinamia madaftari ya wanafunzi, akiyasahihisha bila malipo. Wanaume wabishe hodi, naye amalize ukurasa kwanza.

Na mitungi ya pombe itoke Ikombe.