Mgeni Akiwa Nyumbani kwa Jirani

Katika somo hili twataka kueleza jambo moja tu: mgeni akipokewa na jirani yako, wewe una kazi gani?

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, wakati wa jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wake ulitiririka hata kando ya mji wa Goma, ukateketeza nyumba nyingi. Siku tano baadaye, ardhi ingali ikitetemeka, serikali iliamuru watu wa mitaa kumi waondoke mjini. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine Minova, na wengi sana walishika njia ya Sake, mwendo wa kilometa zaidi ya 20, wakipita hapa Mubambiro na magodoro kichwani. Makanisa na shule zilijaa. Wengine walipokewa nyumbani mwa watu.

Swali: Aliyefungua mlango wake, je, amemaliza kazi kwa niaba yetu sote?

Jibu: Hapana. Hapo ndipo kazi ya majirani inapoanza.

Tuseme nyumba ina watu saba, na wageni sita wanaingia. Siku ya kwanza kuna furaha ya kugawana. Siku ya tatu maji hayatoshi. Juma la pili mama wa nyumba anafungua kikapu cha maharagwe aliyoyaweka kuwa mbegu ya mwezi wa Septemba. Hasemi neno, maana kwetu mtu hamhesabii mgeni chakula. Wageni wakirudi kwao mwezi wa Juni, twadhani mambo yamekwisha. Kumbe kwa mama huyo ndiyo kwanza njaa inaanza, na itaonekana shambani Septemba.

Kwa hiyo usimwulize, «Mwahitaji nini?» Atajibu kwamba wako salama. Tazama mwenyewe. Mtoto wako akienda ziwani kuteka, achukue na bidoni moja ya nyumba ile. Peleka sombe iliyokwisha kutwangwa. Wageni wawili na walale kwako, hata kama wanakula kule. Na kwa habari ya mbegu, majirani kumi wakitoa kopo moja moja, shamba la mama yule litapandwa.

Tena kuna choo, ambacho watu huona haya kukitaja redioni, mimi nitakitaja. Kati ya Goma na Sake mahali pengi ardhi ni jiwe la volkano, na shimo halichimbiki kwa jembe. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofika Goma kwa wingi, kipindupindu kiliwaua maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Vijana watano wenye sururu, wakichimba siku tatu nyuma ya nyumba yenye wageni, wafaa kuliko mkubwa anayekuja kuhutubia.

Swali: Na kama mwenye wageni hatupatani naye, ama wageni ni wa kabila lingine?

Jibu: Maji yapelekwe kwanza. Ugomvi utasikilizwa na wazee baadaye.

Mtu asidhani kwamba atakuwa mwenyeji siku zote. Mwezi wa Februari 2024 vita vilipokaribia Sake, watu wengi wa huko walishika njia ile ile kuelekea Goma, na mara hii magodoro yalikuwa juu ya vichwa vyao wenyewe.

Kabla ya somo lijalo, wazee wa kila shirika wapite nyumba kwa nyumba, wahesabu zile zenye wageni, na waulize mbegu iliyobaki ni makopo mangapi. Tutaanza na hesabu hiyo.