Kionjo cha Filamu: Mpango na Muundo Wake

Kionjo ni filamu fupi inayotangaza filamu ndefu. Wafaransa hukiita bande-annonce, yaani utepe wa tangazo. Jina la Kiingereza lina maana ya kitu kinachoburutwa nyuma, kwa kuwa hapo awali vionjo vilionyeshwa baada ya filamu kwisha. Kiswahili kimefuata njia nyingine: neno lake latokana na kuonja. Aonjaye hashibi, lakini hupata ladha ya kweli ya chakula atakachonunua.

Mpango hutangulia mkasi. Mhariri huitazama filamu nzima, kisha huorodhesha picha na maneno yanayoeleweka hata yakitengwa na visa vinavyoyazunguka. Baada ya hapo huandika sentensi moja tu: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Picha isiyoitumikia sentensi hiyo huachwa, hata ikiwa nzuri.

Muundo uliozoeleka una sehemu tatu. Ya kwanza humtambulisha mhusika na mahali pake, kwa mwendo wa polepole. Ya pili huleta jambo linalovuruga utulivu huo. Ya tatu huharakisha: picha hufupishwa, muziki hupanda, kisha kimya cha ghafla hutangulia jina la filamu na tarehe ya kuonyeshwa. Mwaka 2014 muungano wa wenye majumba ya sinema wa Marekani ulipendekeza kionjo kisizidi dakika 2.

Hata hivyo, muundo huo si sheria. Kionjo cha Citizen Kane (1941) hakimwonyeshi Orson Welles, aliyekuwa mwongozaji na mhusika mkuu. Sauti yake tu husikika ikiwatambulisha waigizaji wenzake, nao hutoa maoni yanayopingana juu ya Kane. Kile cha Psycho (1960) huchukua zaidi ya dakika 6: Alfred Hitchcock huwatembeza watazamaji mahali pa mauaji, akidokeza mengi bila kulifumbua fumbo.

Hapo ndipo kionjo kinapofanana na kitendawili. Mtegaji huficha jibu, lakini maelezo yake hayana budi kulingana na jibu hilo. Kuficha ni haki yake. Kudanganya si haki yake. Katika kionjo cha Yesterday (2019) alionekana Ana de Armas, ilhali sehemu yake ilikuwa imeondolewa katika filamu. Watazamaji wawili wa Marekani, waliolipa kila mmoja dola 3.99 kuikodi, walishtaki. Desemba 2022 jaji mmoja wa California aliamua kwamba kionjo ni tangazo la biashara, hivyo chaweza kuhojiwa kwa sheria za matangazo ya uongo. Huo ulikuwa uamuzi wa hatua ya awali, si hukumu ya mwisho. Lakini ulionyesha kwamba kionjo ni ahadi.

Lugha nayo ni sehemu ya ahadi hiyo. Filamu isemwayo kwa Kiswahili cha Lubumbashi ikitangazwa kwa Kifaransa pekee, mtazamaji huonjeshwa ladha ambayo hataikuta, na yule ambaye filamu ilitengenezwa kwa ajili yake huenda asijue kwamba ameitwa.

Basi kipimo cha mwisho ni hiki: atokaye kuitazama filamu akikirudia kionjo, agundue kwamba alifichwa mengi, wala hakudanganywa hata moja.