Malindi: Mahame Yaliyofufuliwa kwa Jembe la Mtumwa

Kila mwanafunzi wa historia nchini anaujua mnara wa Vasco da Gama ulioko Malindi, na mwaka 1498 ataukutajia bila kusita. Mwulize, hata hivyo, ni nani aliyeilima ardhi iliyo nyuma ya mnara huo, nawe utajibiwa kwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichonishikisha kalamu.

Malindi iliwahi kuwa mahame. Mwaka 1593 Wareno waliyahamishia Mombasa makao yao makuu, na mtawala wa Malindi akawafuata huko. Mji ukadhoofu, mashambulizi ya Waoromo yakauzidishia unyonge, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 vichaka vilikuwa vimetamalaki penye majumba ya mawe.

Mwaka 1861 Seyyid Majid wa Unguja alipeleka askari na watumwa kuufufua. Ardhi ilikuwa na rutuba, na Bara Arabu ilihitaji nafaka. Haukupita muda mrefu, mashamba ya mtama na ufuta yakatanda, na majahazi yakasheheni mazao. Malindi ikawa ghala la pwani. Lakini mikono iliyoshika jembe ilikuwa ya watu walionyakuliwa makwao. Baadhi yao hawakuridhia: walitoroka, wakajijengea makazi bara, kama vile Fuladoyo, wakajilimia chakula chao wenyewe.

Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1907 utumwa wenyewe ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Mashamba makubwa yakakosa wa kuyalima. Mengi yakarudi kuwa vichaka.

Mtu angedhani kwamba aliyeitolea ardhi jasho ndiye angeirithi. La hasha! Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtambua yule aliyeweza kuthibitisha milki yake mbele ya serikali. Watumwa wa jana, pamoja na Wamijikenda wengi, wakabaki wakilima kwa hisani ya wengine. Tatizo la maskwota linalolalamikiwa pwani hadi leo lina mzizi wake mmoja hapo.

Basi, enyi walimu, mwapelekapo wanafunzi Malindi, msiishie mnarani. Waonyesheni na mashamba, kisha waulizeni: aliyelima ni nani, na aliyepata hati ni nani? Atakayelijibu swali hilo kwa haki atakuwa ameielewa historia ya mji ule kuliko aliyekariri mwaka wa kufika kwa Mreno.