Fedha Yenye Subira: Kazi kwa Vijana wa Visiwani na wa Mbwera

Wanachama wetu wengi wana jamaa ng'ambo, katika delta ya Rufiji. Jambo hili si geni. Majumba ya mawe ya mababu zetu yaliezekwa kwa boriti za mikoko, na nyingi katika hizo zilitoka katika delta hiyo kwa majahazi, nyingine zikapita hapa kwenda Arabuni. Upana wa vyumba vya zamani ulifuata urefu wa boriti.

Sasa mwanachama mmoja, ambaye ukoo wa mkewe uko Mbwera, ametuuliza swali. Binti yake amemaliza kidato cha sita, naye amesikia kwamba iko kazi inayoitwa uwekezaji wa kijamii. Baba ataka kujua: je, hiyo ni kazi ya kweli yenye mshahara, au ni jina zuri tu la sadaka? Twaona yafaa kumjibu hapa, ili na wengine wenye watoto wanufaike.

Kwanza tueleze maana. Sadaka hutolewa wala hairudi. Mkopo wa kawaida hurudi na faida, na mwenye fedha haulizi zaidi ya hapo. Uwekezaji wa kijamii umesimama katikati: fedha lazima irudi, lakini mwenye fedha huuliza vile vile imewafanyia nini watu wa mahali pale, na hutaka jibu lenye hesabu. Na biashara yenye kuwajibika kwa jamii ni ile inayotafuta faida bila ya kumtupia jirani hasara yake.

Maneno hayo ni mepesi kuyatamka. Uzito wake twauona tukiitazama delta yenyewe. Katika miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilileta mpango wa kufuga kamba wa baharini katika delta, katika eneo la hekta 10,000 hivi. Ziliahidiwa maelfu ya kazi. Baraza la Taifa la Usimamizi wa Mazingira lilishauri mpango usikubaliwe, lakini mwaka 1997 serikali iliuridhia. Wanavijiji waligawanyika. Wako waliozitaka kazi zile, na wako walioogopa kupoteza mashamba ya mpunga, mikoko na mahali pa kuvulia. Hao wa pili walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT. Mwishowe mabwawa yale hayakujengwa.

Hatuliandiki hili ili kumlaumu mtu. Twataka msomaji aone jambo moja. Mpango mkubwa namna ile uliwafikia watu wa delta katika makaratasi ambayo wachache mno miongoni mwao waliweza kuyasoma na kuyahesabu. Je, kazi zilizoahidiwa zitakuwa za mwaka mzima au za msimu? Maji ya mabwawa yatamwagwa wapi? Mkoko ukifa, nani atamlipa mvuvi? Mtu wa kuyauliza hayo ilibidi atoke mbali. Hiyo ndiyo kazi tunayoieleza, na ndiyo sababu twataka watoto wetu waijue.

Ziko pia sehemu ambako biashara ya namna hii imefanikiwa. Katika Wilaya ya Kilwa, kusini ya delta, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC kwa misitu yao ya asili, navyo vilikuwa vya kwanza katika Afrika kwa misitu inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kubaki na mapato yake. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanavijiji hutunza hekta 117 za mikoko kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza kiasi cha mwaka 2013. Huuza manufaa ya kupunguza hewa ya ukaa, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na fedha imetumika kwa maji na skuli. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta.

Basi, ni kazi gani hasa zilizomo? Sisi twaziona nne.

Ya kwanza ni ya mpimaji. Hakuna anayenunua hewa ya ukaa kwa kuambiwa tu kuwa miti ipo. Mtu huingia topeni, hupima eneo kwa kamba, na hupima unene wa kila mti kwa kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Na kwa mkoko wenye mizizi mirefu hupima juu ya mzizi wa juu kabisa. Huandika, na mwaka mwingine hurudi kupima pale pale. Mtoto wa Mbwera aliyezoea tope na maji kujaa na kupwa ana fadhila hapa kuliko mgeni.

Ya pili ni ya mkaguzi. Mathalan, karafuu ikiuzwa kuwa imelimwa bila ya dawa za viwandani, lazima liwepo daftari la kila mkulima, idadi ya mikarafuu yake na mavuno yake. Mkaguzi huja shambani na kulinganisha. Mwenye mikarafuu 40 akileta mzigo wa mikarafuu 200, ataulizwa. Afrika Mashariki ina kanuni zake za kilimo hai na alama ya Kilimohai tangu mwaka 2007.

Ya tatu ni ya mwenye hesabu. Miradi mingi ya vijiji huvunjika pasipo mwizi. Huvunjika kwa kukosa stakabadhi, na watu wakianza kushukiana, msitu hukatwa.

Ya nne ni ya afisa wa mikopo, na hii ndiyo isiyofahamika sana. Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha akina mama cha Mbwera chataka Shs. 6,000,000 kununua makasha ya barafu na mashine ya mashua. Bila ya barafu humwuzia mchuuzi kamba wao kwa Shs. 6,000 kilo, maana wataoza. Wakiwa na barafu watangoja bei ya Shs. 8,000. Wakipata kilo 400 kwa mwezi, nyongeza ni Shs. 800,000. Toa barafu na mafuta, Shs. 300,000, zabaki Shs. 500,000. Lakini tuseme msimu ni miezi sita tu. Basi nyongeza ya mwaka ni Shs. 3,000,000.

Mkopeshaji wa kwanza ataka fedha yake katika miezi 12, pamoja na ada ya Shs. 600,000. Kila mwezi ni Shs. 550,000, msimu uwepo usiwepo. Kikundi hakifiki mwezi wa pili bila ya kukopa pengine. Mkopeshaji wa pili ataka ada kubwa zaidi, Shs. 1,800,000, lakini kwa miaka mitatu, na malipo huletwa wakati wa msimu tu. Kila mwaka ni Shs. 2,600,000, na kikundi chabaki na Shs. 400,000. Aliyeonekana rahisi ndiye angewafilisi, na aliyeonekana ghali ndiye aliyewafaa. Kazi ya afisa ni kuijua tofauti hiyo kabla watu hawajatia saini.

Sisi wenye mikarafuu hatuhitaji kuelezwa sana. Mkarafuu hungojwa miaka sita au minane kabla ya kuzaa, kisha haulingani mwaka kwa mwaka. Wazee wetu waliweka mashamba rehani kwa sababu deni lilikuja kila mwezi na karafuu haikuja. Fedha inayokubali kungoja msimu ndiyo tunayoiita fedha yenye subira, nayo haipatikani kwa vikundi vidogo tu. Shirika la Acumen la Marekani, lililoanzishwa mwaka 2001, lilikikopesha kiwanda cha A to Z cha Arusha kwa vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na kiwanda hicho kikaja kuajiri maelfu ya watu.

Kwa masomo, Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu mwaka 2014, hufundisha hesabu na uendeshaji wa vyama. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na chuo cha misitu cha Olmotonyi, Arusha, hufundisha upimaji wa misitu. Mkaguzi na afisa wa mikopo huanza na mojawapo ya elimu hizo, kisha hujifunza kazini.

Twatoa na tahadhari mbili. Ya kwanza, jina zuri si ushahidi. Anayesema biashara yake ni ya haki aulizwe daftari lake, aulizwe nani alikubali, na aulizwe nani atabeba hasara. Ya pili yahusu Mbwera yenyewe. Mikoko ya bara ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, si mali ya kijiji kama ile misitu ya Kilwa. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya hewa ya ukaa mwaka 2022. Akija mtu Mbwera kutaka kuuza hewa ya mikoko, swali la kwanza ni hili: fungu la kijiji ni lipi, na limeandikwa wapi? Tena wako wanaolima mpunga ndani ya eneo la mikoko. Mpango usiowahesabu hao na chakula chao hautadumu, hata ukisifiwa namna gani.

Twamjibu basi mwanachama wetu. Kazi ipo, na ni ya kweli. Mshahara wa mwanzo huenda usiwe mkubwa, na mara nyingine itambidi binti huyo awaambie "hapana" watu wenye fedha nyingi, au jamaa zake mwenyewe. Kama anapenda hesabu na haogopi tope, na asome. Siku watakapokuja tena watu Mbwera na makaratasi yao, yafaa awepo pale barazani mtu wa kuyasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, ambaye mama yake ni wa hapo.